Una HKL, unataka kazi ya chakula: anzia hapa Kipawa

"Historia na chapati wapi na wapi?" Swali hili utaulizwa nyumbani, na shangazi au mjomba, kabla hujaulizwa na mwajiri yeyote. Umemaliza kidato cha sita kwa HKL yako, au HGL, umepata nafasi ya shahada ya sanaa Mlimani au chuo kingine, na bado unang'ang'ania kwamba unataka kufanya kazi kwenye chakula. Usikasirike. Wao wameona jirani aliyesoma sanaa akakaa nyumbani miaka miwili akisubiri ajira za ualimu.

Mimi nilisoma Kiswahili na historia nikiwa naishi Kipawa, upande wa kuelekea Karakata, na riziki yangu leo inatoka kwenye usindikaji wa vyakula. Haya ninayokuandikia ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia nikiwa mwaka wa kwanza.

Tuanze na mlango uliofungwa, usije ukapoteza nauli. Shahada ya sayansi na teknolojia ya chakula, iwe Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro au hapo hapo Mlimani, inataka masomo ya sayansi tangu kidato cha tano. Kozi fupi ya wiki mbili haitakugeuza kuwa mkemia, hata ukipewa cheti chenye muhuri mkubwa. Anayepima unyevu wa mahindi na kusoma majibu ya maabara ni mtu mwingine, na kazini utamhitaji sana, kwa hiyo mapema tafuta urafiki naye.

Sasa nenda kituo cha Jeti asubuhi, utazame watu wanaoshuka kwenye daladala kwenda viwandani. Kuanzia TAZARA, kupita Vingunguti, hadi Kipawa, Barabara ya Nyerere ni viwanda na maghala. Vingunguti kuna machinjio, mbele yetu kuna uwanja wa ndege ambao abiria na wafanyakazi wake wanakula kila siku. Kwenye kila moja ya sehemu hizo kuna supavaiza anayefundisha vibarua wapya kila wiki. Kuna mtu wa manunuzi anayebishana na mwenye mahindi. Kuna anayepokea simu ya mteja aliyekuta mchanga kwenye unga, na kuna anayeandika maneno yaliyo nyuma ya pakiti. Kazi zote hizo zinaendeshwa kwa maneno, na mara nyingi zinafanywa na watu ambao hawakufundishwa kutumia maneno. Mhandisi ameachiwa aandike maelekezo, dereva ameachiwa amjibu mteja. Nafasi yako iko hapo, kati ya sufuria na karatasi.

Vijiko vitatu vya nani?

Nikusimulie nilivyoharibu, maana hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha unga wa uji. Mkuu wangu alijua nimesoma Kiswahili, akanipa niandike maelekezo ya matumizi kwenye lebo. Nikaandika kwa madaha: chukua vijiko vitatu vya unga, koroga kwenye kikombe cha maji, pika kwa dakika 15. Kiswahili kimenyooka, hakuna kosa hata moja la tahajia. Stika 5,000 zikachapishwa.

Wiki mbili baadaye simu zikaanza. Mama mmoja wa Mogo alisema uji wake umekuwa ugali. Mwingine akasema amepata maji yenye rangi. Mkuu hakunigombeza, alinipa mfuko wa pakiti, akaniambia niende nikakae majikoni mwa watu.

Nyumba ya kwanza, mama alichota vijiko vitatu kwa kijiko cha kupakulia wali. Nyumba ya pili ilikuwa kijiko cha chai, tena cha kusawazishwa kwa kidole. Kikombe nacho: mahali pamoja ni kile cha plastiki cha nusu lita ambacho watoto wanapigia mswaki, mahali pengine ni kikombe kidogo cha kahawa. Na dakika 15 hakuna aliyezitazama. Bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, saa ya nini? Uji unapikwa mpaka uache kunuka ubichi." Nikaandika maneno yake kwenye daftari, neno kwa neno.

Lebo ya pili ilisema: vijiko vitano vya chakula, vilivyosawazishwa, maji chupa ndogo moja ya nusu lita, iliyojaa. Chupa ile kila nyumba ya Dar ipo, na ujazo wake ni ule ule Kipawa na Tandale. Tukaongeza: koroga kwanza kwa maji ya baridi yaliyotoka kwenye chupa hiyo hiyo, kisha pika ukikoroga mpaka harufu ya unga mbichi iishe, zisipungue dakika 15. Simu zikapungua.

Nilichokifanya kwenye majiko yale kilikuwa kukusanya masimulizi, kama tulivyofundishwa kwenye historia: uliza, nyamaza, usimtilie mtu maneno mdomoni, andika anavyosema yeye. Ndiyo maana nakusihi usiichukulie kozi ya mbinu za utafiti kama kero ya mwaka wa pili. Aili Mari Tripp, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alipotaka kuelewa namna watu wa Dar walivyoishi uchumi ulipoanguka miaka ya 1980, alikwenda kuzungumza na watu wa Manzese na Buguruni kuhusu shughuli zao ndogo ndogo, na kitabu chake cha 1997 bado kinasomwa. Buguruni ni pua na mdomo na sisi. Kilichomleta mtu kutoka mbali wewe unakiruka kila siku ukiwahi daladala.

Kozi za kuchagua, na za kuziacha

Chuoni utakuta kozi za lazima na za hiari. Za lazima utazisoma utake usitake. Kwenye za hiari, kama idara yako inaruhusu, chukua takwimu za msingi hata kama hesabu uliiaga kidato cha nne kwa furaha. Chukua sosholojia ya jamii za mjini. Chukua historia ya uchumi, na humo ukitafute chakula kwa makusudi: Shirika la Taifa la Usagishaji, lile NMC lililoanzishwa 1968, lilivyoshika biashara ya nafaka, upungufu wa chakula wa 1973 hadi 1975, na jinsi biashara ya unga ilivyokuja kurudi mikononi mwa watu binafsi. Ukiyajua hayo utaelewa kwa nini mzee wa ghala anazungumzia unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, kwa uchungu, na kwa nini mteja wa Dar bado anaona sembe nyeupe ni ya heshima na dona ni ya shida, ijapokuwa mtaalamu wa lishe anamwambia kinyume chake.

Isimu nayo inalipa kuliko inavyodhaniwa. Tazama neno sumukuvu: sumu, kuvu, basi. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa na aflatoksini, neno ambalo mkulima wa Kondoa hawezi kulifanyia chochote. Mwaka 2016 sumu hiyo iliingia kwenye mahindi ya vijiji vya Dodoma na Manyara; watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Kenya, mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, wagonjwa walikuwa 317 na waliofariki 125. Kuvu yenyewe inazuiwa na mambo ya kawaida: mahindi yaanikwe kwenye turubai badala ya udongo, yakauke sawasawa, yasilowane ghalani. Lakini yote hayo ni lazima mtu amweleze mtu, kwa lugha ambayo haimtishi wala haimdharau. Kampuni inayonunua mahindi vijijini inahitaji mtu wa kusimama chini ya mwembe na kulisema hilo. Machi 2021 Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama mpakani. Wafanyabiashara wengi walijifunza neno hilo siku hizo, kwa hasara.

Na utazame jinsi mama ntilie alivyokuwa mama lishe. Jina la kwanza lilitoka kwa mteja anayesema "nitilie", la pili linataja kazi ya mama mwenyewe. Mwenye kusoma sanaa anaona hapo suala la heshima, na heshima ndiyo itakayomfanya mama huyo akuruhusu ukae jikoni kwake na daftari.

Tasnifu yako ya mwaka wa tatu, kama chuo chako kinaidai, ifanye ya chakula. Usiandike tena juu ya taswira ya mwanamke katika riwaya fulani, tumezisoma za kutosha. Andika juu ya majina ya vipimo sokoni. Kwa nini tunasema sado? Kwa sababu ya kopo la rangi ya Sadolin. Lumbesa ni nini, nani anapata na nani anapoteza gunia linapojazwa mpaka likavimba kichwa? Tandale kwa nafaka, Mabibo kwenye Mahakama ya Ndizi, Feri kwa samaki: una maabara tatu ambazo hazihitaji koti jeupe.

Kuna somo moja ambalo halimo kwenye kitabu cha kozi, nalo ni kalenda ya watu. Dar inakula kwa kalenda. Mwezi wa Ramadhani magimbi, mihogo na tambi vinapanda bei, uji wa pilipili manga unarudi, na kaimati zinauzwa jioni mitaa ambayo mwaka mzima hazionekani. Mtu wa masoko asiyejua hilo atatoa tangazo la chakula cha mchana katikati ya mfungo. Nimeliona kwa macho, na lilikuwa bango kubwa.

Hesabu ya chapati

Hapa watu wa sanaa tunaanguka, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua mfano wa kitabuni. Kilo moja ya unga wa ngano, tuseme shilingi 2,000. Mafuta 800. Mkaa na chumvi 600. Jumla 3,400. Kilo hiyo imekutolea chapati 12, kila moja imekugharimu kama 283. Unauza 500. Unajiambia faida ni 2,600, mambo safi.

Jioni zimebaki tatu. Umeuza tisa, mkononi una 4,500, ukitoa 3,400 unabaki na 1,100. Nauli ya kwenda kuchukua unga sokoni hukuiandika, tuseme ni 500 kwa siku hiyo. Umebaki na 600, na umesimama tangu saa kumi alfajiri. Hujajilipa mshahara. Chapati tatu zilizobaki ndizo zilizokula siku yako, na hilo hutaliona kama hesabu yako iko kichwani.

Kiwanda kikubwa kinafanya hesabu hiyo hiyo kwa tani. Jifunze kuiandika kwenye Excel. Na hapa Kipawa huna kisingizio: VETA Kipawa ni kituo cha TEHAMA, kiko mlangoni kwako. Usiende kutafuta upishi pale, nenda kwa kompyuta.

Mikono nayo ijue kitu

Mwajiri wa chakula hamwamini mtu ambaye hajawahi kuungua na mvuke. Lazima upate mahali pa kushika chakula mapema, likizo ya mwaka wa kwanza ikiwezekana. Njia iliyo karibu kuliko zote ni kibanda cha mama lishe. Mwombe akupokee wiki tatu bila malipo, uoshe vyombo, ubebe maji, umenye vitunguu. Utaona kuanzia saa kumi na moja asubuhi mpangilio ambao meneja wa hoteli ameusomea: maharage yamechemshwa jana usiku, mchele umechaguliwa, chai ndiyo inaanza kutoka kwa sababu madereva hawasubiri. Kwa upishi wa kusomea, Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi ya Bustani katikati ya jiji na nyingine Temeke. Kwa usindikaji, SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, lina ofisi Vingunguti, na huko ndiko wajasiriamali wengi wanakoanzia kabla ya kufika TBS, shirika la viwango.

Nikisema TBS, hili lisikupite. Utasikia watu, hata wenye biashara, bado wanasema "nimekwenda TFDA" kwa ajili ya chakula. Tangu Julai 2019 masuala ya chakula na vipodozi yalihamishiwa TBS kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Nimemwona mtu mzima akipoteza wiki nzima kwa kutojua hilo. Wewe umefundishwa kusoma maandishi magumu mpaka mwisho; soma sheria, soma kanuni, soma viwango. Ukiwa mtu pekee ofisini aliyesoma waraka hadi ukurasa wa mwisho, watu wataanza kukuuliza kabla ya kuamua.

Soma pia juu ya HACCP, mfumo wa usalama wa chakula. Chimbuko lake ni Marekani, ambako kampuni ya Pillsbury na shirika la anga la NASA walitaka chakula cha wanaanga kisichoweza kuwafanya waugue angani. Badala ya kupima chakula kikiwa tayari, unajiuliza ni hatua ipi hatari inaweza kuingia, unaweka kipimo kwenye hatua hiyo, unaangalia kila mara, na unaandika ulichokiona. Chakula kilichopikwa kikikaa kati ya nyuzi joto 5 na 60 kwa saa nyingi, bakteria wanafanya sherehe. Kwa hiyo mtu lazima apime na aandike saa ngapi, nyuzi ngapi, nani kapima. Daftari hilo kwenye viwanda vingi linajazwa uongo, namba zote zinafanana kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Mwanahistoria anautambua waraka wa kughushi kwa jicho moja.

Julai usikose Sabasaba, pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Acha bembea na maonyesho ya magari. Nenda mabanda ya wasindikaji wadogo, chukua pakiti moja moja, geuza nyuma, soma. Jina la bidhaa lipo? Viambato vimepangwa kuanzia kilicho kingi? Uzito halisi? Anuani ya mzalishaji? Tarehe ya kutengenezwa, ya mwisho wa kutumika, namba ya toleo? Msimbomilia unaanza na 620, namba ya Tanzania? Kisha uliza kwa upole, "Mama, hii tarehe mnaiandika kwa mkono?" Atakueleza maisha yake yote. Mwaka wa kwanza niliokota huko fildi yangu ya wiki nane, kwa dada mmoja wa achari ambaye lebo yake ilikuwa imesahau chumvi.

Faili badala ya maneno matupu

Barua ya maombi inayosema "mimi ni mchapakazi mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo" inafika pamoja na nyingine mia zinazosema hivyo hivyo. Peleka faili la karatasi tatu. Ya kwanza, lebo mbaya uliyoikuta sokoni na uliyoiandika upya, ukieleza kwa nini, jina la mwenye bidhaa limefichwa. Ya pili, utaratibu wa kazi moja, ukurasa mmoja: jinsi ya kunawa mikono kabla ya kuingia chumba cha kuchanganyia, au kupokea maziwa asubuhi, umeandikwa hivi kwamba kibarua aliyeanza leo anaufuata bila kuuliza. Ujaribu kwanza kwa mdogo wako. Akikwama, kosa ni lako. Ya tatu, hesabu kama ile ya chapati, ya bidhaa halisi, pamoja na kilichobaki jioni.

Omba nafasi zenye majina ya kawaida: msaidizi wa manunuzi, huduma kwa wateja, mafunzo, msaidizi wa ofisi ya ubora, msimamizi wa kantini. Ukipewa nafasi ya getini kuhesabu magunia, ichukue. Ghalani unajifunza bei, na bei ndiyo lugha ya kwanza ya kiwanda. Kuhusu mshahara wa mwanzo, usitegemee ufanane na wa rafiki yako wa benki, na usimwambie shangazi kiasi chake.

Kabla ya siku ya kwanza, pima afya kwa ajili ya kushika chakula na uwe na cheti mkononi. Bwana afya akipita hakubali "nitaleta kesho". Kata kucha. Acha pete na saa nyumbani, hata kama pete ni ya uchumba. Viatu viwe vya kufunika. Kalamu ibebe, maana utaandika kuliko wote, ila iwe ile isiyo na kifuniko: kifuniko cha kalamu kikidondokea kwenye mashine ya kuchanganyia, unga wote wa shifti hiyo unamwagwa, na maelezo ya kilichotokea utaandika wewe.